Nilivyoacha kuutibu ukomo wa hedhi kama malaria

Kwa karibu mwaka mzima nilijitibu malaria nisiyokuwa nayo. Nilikuwa na miaka 48, nikifundisha shule ya msingi mjini Tanga, na kila nilipoamka usiku wa manane kanga niliyojifunga ikiwa imelowa jasho kiasi cha kukamulika, nilijua moja kwa moja kuwa ni homa. Mara 3 nilinunua dawa mseto dukani bila kupimwa, jambo ninalolijutia hadi leo. Mara ya 4 nilikwenda zahanati, na kipimo kikaonyesha sina vimelea.

Muuguzi hakunipa dawa. Aliniuliza, "Mama, hedhi yako ya mwisho uliiona lini?" Sikuweza kumjibu, kwa kuwa ilikuwa imeanza kuruka miezi nami nikadhani ni uchovu. Akanishauri nitenge daftari, niandike tarehe za hedhi, saa joto linaponipanda, na nilichokula au kunywa kabla yake.

Daftari hilo ndilo lililonifumbua macho. Baada ya wiki 6 niliona kwamba joto huanzia kifuani, likapanda shingoni na usoni kwa dakika 2 au 3, kisha likaniacha na baridi, bila yale maumivu ya viungo ninayoyajua ya malaria. Niliona pia kwamba mara nyingi lilifuata chai ya moto ya tangawizi na pilipili manga niliyozoea kuinywa kabla ya kulala. Chai nikaihamishia asubuhi, gauni la kulalia la nailoni nikaliacha, nikarudi kwenye kanga ya pamba. Nilikuwa nikiamka mara 5 kwa usiku. Sasa ikawa mara 2.

Daktari wa hospitali alilisoma daftari ukurasa kwa ukurasa, akanipima wingi wa damu, sukari, shinikizo la damu na tezi ya shingo, kwani tezi hiyo ikifanya kazi kupita kiasi nayo huleta jasho na moyo kwenda mbio. Tulizungumza kwa kirefu kuhusu tiba ya homoni. Alinieleza kuwa mwanamke ambaye bado ana kizazi hapewi estrojeni peke yake, kwa sababu ukuta wa kizazi unaweza kunenepa na hatimaye kuleta saratani. Huongezewa homoni ya pili ya kuulinda. Shinikizo langu lilikuwa juu, hivyo tukakubaliana tulishushe kwanza.

Lililoniwia gumu zaidi lilikuwa nyumbani. Ukavu ukeni ulinifanya nimkwepe mume wangu, naye akaamini nimemchoka. Maneno yaliponishinda, nilimpa daftari alisome. Alisoma kimya hadi mwisho, akasema, "Mama Rehema, kumbe ulikuwa unateseka peke yako." Tangu siku hiyo yeye ndiye anayeweka jagi la maji kando ya kitanda, na kilainishi cha maji tulikwenda kukinunua pamoja.

Sasa imetimia miezi 14 bila hedhi. Daftari bado naliandika, na kwenye jalada lake la ndani nimenakili kwa wino mwekundu agizo la daktari: baada ya miezi 12 bila hedhi, damu yoyote ikionekana, hata tone moja, niende hospitali bila kuchelewa.