Kabla hujapiga chmod 777, soma logi kwanza

Juzi saa nne usiku dogo mmoja wa mtaani kwetu kanipigia simu, sauti imemkauka, kaka seva imenikataa, naingia na ssh (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) inaniandikia Permission denied, yaani huna ruhusa, na ufunguo ni ule ule niliotumia asubuhi. Nikamuuliza, leo umegusa nini? Akanyamaza kidogo, halafu akasema tovuti yake ilikuwa inagoma kupokea picha, akakuta mahali mtu kaandika piga chmod -R 777 kwenye folda yako ya home, akapiga, picha zikapanda, akafunga kompyuta akaenda zake.

Basi jibu lilikuwa hapo hapo. chmod ni komandi ya kubadili ruhusa za faili, -R inashuka mpaka kila kilichomo ndani ya folda, na 777 maana yake mwenye faili, kundi lake na mtu mwingine yeyote mwenye akaunti kwenye ile mashine, wote wanasoma, wanaandika na wanaendesha. Sasa ssh upande wa seva, kabla haijakubali ufunguo wako, inakagua home yako (folda kuu ya mtumiaji), folda ya .ssh na faili la authorized_keys lenye funguo zinazoruhusiwa kuingia, ikikuta watu wengine wanaweza kuandika humo inagoma, maana yeyote angeweza kuchomeka ufunguo wake pale akaingia kwa jina lako. Yaani seva haikuharibika, ilikuwa inamlinda.

Tukaingia kwa konsoli ya kwenye brauza ya pale anapokodi seva, tukafungua /var/log/auth.log, logi ambako seva inaandika majaribio ya kuingia, na mstari upo wazi kabisa: bad ownership or modes for directory, yaani umiliki au ruhusa za folda haziko sawa. Hiki ndo kinaniuma, mashine ilishasema tatizo lote kwa mstari mmoja ila watu wanakimbilia kutafuta komandi ya kupesti. Mwaka 2024 mwanaprogramu Andres Freund aliona tu ssh inachelewa kama nusu sekunde, hakupuuzia, akafuatilia mpaka akakuta mlango wa siri umefichwa kwenye xz, programu ya kubana mafaili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Nusu sekunde jamani!

Tukarudisha home 755, .ssh 700, authorized_keys 600, yaani mwenyewe tu ndiye anaandika humo, akaingia. Lakini tatizo la picha bado, maana folda ya kupokelea picha ilikuwa mali ya root (akaunti kuu ya mashine) wakati seva ya wavuti inafanya kazi kama akaunti ya www-data, kwa hiyo ilitakiwa chown, komandi ya kubadili mwenye folda, ya folda ile moja tu, basi, 777 haikuhitajika hata kidogo. Na ashukuru hakuipiga kwenye / (mzizi wa mafaili yote) kwa sudo, komandi ya kufanya kazi kwa nguvu za root, maana hapo hata sudo yenyewe inakataa kufanya kazi ikikuta /etc/sudoers, faili la mipangilio yake, linaandikika na kila mtu.

Kwenye logi ile ile nikaona kitu kingine, Failed password for root, yaani mtu kakosea paswedi ya root, mistari na mistari, kutoka IP ambazo hatuzijui. Hilo ni la kawaida kwa mashine yoyote yenye poti 22, ile ya ssh, wazi kwenye intaneti, ila yeye alikuwa bado anaruhusu kuingia kwa paswedi. Akaniambia mbona nilishaweka PasswordAuthentication no, ya kuzima paswedi, kwenye sshd_config, faili la mipangilio ya ssh? Kweli aliweka, ila kwenye Ubuntu yake kulikuwa na faili lingine ndani ya sshd_config.d linalosema yes, nalo linasomwa kwanza, na ssh inashika thamani ya kwanza inayokutana nayo. Ndo maana mimi siamini faili, napiga sudo sshd -T naangalia inachokitumia kweli. Tukarekebisha, tukapima kwa sshd -t kama hakuna kosa kwenye mipangilio, tukarestati, na lile dirisha lililokuwa limeshaingia sikumruhusu alifunge mpaka afungue la pili na liingie, ukikosea hapo unajifungia nje mwenyewe.

Paswedi ya database akaibadilisha usiku ule ule, maana kwenye hiyo seva kuna akaunti za wenzake wawili na faili lenye hiyo paswedi lilikaa wazi tangu mchana.