Hewa ya mjini si moshi na vumbi pekee

Tunapozungumzia uchafuzi wa hewa mijini, mawazo yetu huenda moja kwa moja kwenye moshi wa magari na vumbi la barabarani, nasi tukasahau chavua ya mimea na spora (chembe za uzazi) za kuvu, ambazo mtu mwenye pumu huzivuta pamoja na moshi huo. Kwa maoni yangu, mji unaopima vumbi bila kuhesabu chembe hizi huwapa wakazi wake nusu tu ya taarifa wanazohitaji.

Kuzihesabu si jambo geni. Mwaka 1952 mtafiti Mwingereza J. M. Hirst alieleza mtego unaofyonza lita 10 za hewa kila dakika kupitia mwanya mwembamba, huku kipande cha kioo kilichopakwa kitu cha kunata kikisogea taratibu nyuma yake, milimita 2 kwa saa. Kwa hiyo anayekitazama kioo hicho kwa hadubini haoni tu kilichopita, bali pia saa kilipopita. Chavua ya nyasi huonekana kama tufe lenye tundu moja dogo. Spora za kuvu aitwaye Alternaria zina umbo la rungu lililogawanywa kwa kuta za ndani, nazo huzidi mchana mkavu wenye upepo, ilhali kuvu wengine hungoja mvua ndipo warushe spora zao.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika Melbourne, Australia, tarehe 21 Novemba 2016, dhoruba ya radi ilipofuatiwa na wimbi la watu walioshindwa kupumua. Maelfu walikimbilia hospitali na watu 10 wakafariki. Punje nzima ya chavua ya nyasi, yenye upana wa takribani mikromita 30, kwa kawaida huishia puani. Lakini ikilowa hupasuka na kumwaga vipande vidogo mno, vinavyoweza kufika ndani kabisa ya mapafu. Ndiyo maana baadhi ya waathirika hawakuwa wamewahi kuugua pumu, ingawa wengi walikuwa na mafua ya mzio.

Mjini kuna tatizo la ziada: naitrojeni dayoksaidi na ozoni zinaweza kubadilisha protini za chavua na kuzidisha uwezo wake wa kuamsha mzio. Ningependa wanaopanga miti ya barabarani walizingatie hilo, kwa kuwa miti inayochavushwa na wadudu humwaga chavua kidogo sana hewani ikilinganishwa na ile inayotegemea upepo.