Sola ya maji moto ilivyotuangusha Juni, na kijiti kilichotuonyesha jua lilipo

Baridi ya Njombe mwezi wa Juni si mchezo. Mji wetu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri za Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Ukifungua bomba, maji yanauma vidole mpaka kwenye mfupa. Miaka yote hiyo mama yangu ndiye aliyeamka saa kumi alfajiri, akawasha kuni za miwati na kubandika sufuria kubwa ili tuoge kabla ya kwenda shule, kwanza sisi, kisha wanangu. Sasa ana miaka 71 na magoti yanamsumbua kila kipupwe kikiingia. Sikutaka ainame tena mbele ya moshi ule.

Tulianza na hita ya umeme ya kwenye shawa. Inafanya kazi vizuri, lakini inakula kilowati kama tano kila ikiwaka. Tulikuwa kwenye kundi la bei nafuu, la wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi. Tukazivuka, tukahamishwa, na bei ya uniti ikaruka karibu mara tatu. LUKU ya wiki, yaani umeme tunaoulipia kabla, ikawa inaisha kwa siku tatu. Ndipo nikaamua kujibana mwaka mzima, nikanunua sola ya maji moto ya lita 200, na mwanzoni mwa Desemba fundi akaja kuifunga.

Watu wakisikia sola wanafikiria taa, na majirani waliniuliza kama tutawashia televisheni pia. Hapana. Hii haitengenezi umeme hata kidogo. Ni tangi lililolala juu, na chini yake mirija 20 ya kioo imeinamishwa kama ngazi. Kila mrija ni vioo viwili, kimoja ndani ya kingine, na katikati yake hewa yote imenyonywa, kama ilivyo kwenye chupa ya chai. Kioo cha ndani kimepakwa rangi nyeusi inayokamata jua. Joto likishaingia halipati njia ya kutoka, kwa hiyo mrija unaweza kuushika kwa mkono mchana wa jua kali na nje ukawa wa kawaida, huku maji ya ndani yanaunguza. Maji yakipata moto yanakuwa mepesi, yanapanda yenyewe hadi kwenye tangi, na ya baridi yanashuka kuchukua nafasi yake. Hakuna pampu wala waya. Tangi lenyewe limezungushiwa povu gumu, kwa hiyo maji ya jioni bado ni ya moto asubuhi.

Desemba ile tulifurahi sana. Kufikia saa tisa mchana maji yalikuwa hayashikiki. Ilibidi niwafundishe watoto kufungua koki ya baridi kwanza, halafu ya moto. Mama alioga mara mbili kwa siku kwa wiki nzima, na mimi niliona kila shilingi imerudi.

Machi maji yakapungua moto. Nikasema ni mawingu ya masika. Mei anga likafunguka, lakini maji yakabaki vuguvugu. Juni ikaingia, mwezi ambao ndio hasa niliinunulia sola hiyo, na mama akarudi kwenye kuni. Sijui kama naweza kueleza jinsi nilivyojisikia kuusikia tena moshi ule saa kumi alfajiri.

Mimi ni mwalimu wa sayansi, nikaazima kipimajoto cha maabara. Saa kumi na mbili jioni, siku ya jua tupu, maji ya tangini yalikuwa nyuzi 34. Nikamwita fundi. Akapanda, akakagua kitako cha kila mrija. Pale chini kuna sehemu inayong'aa kama fedha, na hewa ikiingia kati ya vioo inageuka nyeupe kama maziwa. Yote 20 ilikuwa inang'aa. Akakagua mipira ya maungio, hakuna kinachovuja. Akashuka akaniambia, "Mwalimu, hapa baridi imezidi nguvu. Ongeza ile hita ya umeme ya ndani ya tangi." Nilikuwa nimeshaanza kutafuta hela.

Jibu lilitoka kwa mama. Alikuwa anaanika nguo, nami nimesimama pembeni nalitazama paa. Akasema, "Mwanangu, wewe hiyo sola yako umeiweka kivulini. Jua la kipupwe linapita mbele ya nyumba. Mimi toka mwezi wa nne nguo sianiki tena huko nyuma."

Mbele ya nyumba yetu ni kaskazini. Nyuma, kwenye bafu, ni kusini, na sola ilikuwa paa la nyuma, imetazama kusini. Nikaenda kuchukua karatasi ya maelekezo iliyokuja na boksi. Imeandikwa waziwazi: mirija itazame kusini. Fundi alifuata neno kwa neno. Lakini karatasi ile imeandikiwa watu wa kaskazini ya ikweta, huko China inakotoka, ambako sehemu kubwa ya nchi jua la mchana daima liko kusini kwao. Njombe iko kama nyuzi 9 kusini ya ikweta. Hapa kwetu jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari. Kati ya hapo, Desemba na Januari, liko kusini, ndiyo maana tulianza kwa raha. Miezi mingine yote, karibu minane, liko kaskazini.

Nikataka nilione kwa macho. Nikasimamisha kijiti cha mita moja uwanjani, wima kwa timazi. Kwetu jua halifiki kati saa sita kamili, linafika saa sita na dakika arobaini hivi, kwa sababu saa ya nchi imepangwa kwa mstari ulio mashariki yetu. Nikangoja. Kivuli kilipofika ufupi wake wa mwisho kilikuwa na zaidi ya sentimita 60, kimelala kuelekea kusini moja kwa moja, kuelekea bafuni. Mirija ilikuwa imelipa jua mgongo. Kwa mwinamo ule ilikuwa haipati hata nusu ya jua ambalo ingelipata kama ingeelekezwa upande wa pili.

Nilimpigia fundi nikiwa bado nimeushika ule mkanda wa kupimia. Alikuja jioni, akakiangalia kijiti kimya kwa muda mrefu. Akasema, "Mwalimu, nimefunga nyingine nne hivihivi." Namheshimu kwa neno lile. Hela ya ufundi hakuitaka, nililipia vifaa tu.

Kuihamishia paa la mbele, itazame kaskazini, si kazi ya kudharau. Tulimwaga maji usiku, tukachomoa mirija mmoja mmoja kwa maji ya sabuni ili mipira isichanike. Fremu haifungwi kwenye bati tu, lazima skrubu zishike kenchi, zile mbao zinazobeba paa, maana lita 200 za tangini na zaidi ya 50 za ndani ya mirija, ukiongeza vyuma, zinapita kilo 300. Matundu ya zamani tuliyaziba kwa silikoni. Bomba la moto likarefuka, sasa ni kama mita 12 hadi shawa, na lita mbili za mwanzo zinatoka baridi. Tunazikinga kwenye ndoo, zinaoshea vyombo. Bomba lote tulilivisha sponji, kwa sababu bomba likiwa uchi kwenye upepo wa Njombe linakunyang'anya kile jua lilichokupa.

Siku ya pili baada ya kuhamisha, saa ileile ya jioni, kipimajoto kikasoma nyuzi 52. Tangi lilelile, mirija ileile. Kupasha lita 200 mpaka hapo kwa umeme kungenila zaidi ya uniti nane kwa siku moja.

Kuna kosa jingine nililolifanya mwenyewe, na nalitaja kwa sababu lingeweza kumuumiza mtu. Oktoba maji ya mji yalikatika siku mbili, nasi tukaendelea kuoga mpaka tangi likakauka. Maji yaliyobaki mirijani yakawa yanakauka kwa jua, na sehemu ya juu ya mirija ikabaki mitupu. Maji yaliporudi ilikuwa saa saba mchana, nikafungua valvu kwa furaha. Maji ya baridi yakakutana na kioo kilichokuwa kimeungua, ukasikika mlio kama wa bunduki, na vipande vikashuka kwenye bati hadi uwanjani. Bahati watoto walikuwa shuleni. Sola ya aina hii tangi na mirija vimeungana, kwa hiyo mrija mmoja ukipasuka maji yote yanaondoka. Tangu siku hiyo, tangi likikauka tunalijaza alfajiri au usiku tu, na valvu ya kuingizia nimeifunga kamba nyekundu ili kila mtu nyumbani akumbuke.

Siku za ukungu mfululizo bado zipo, na zikifika tatu maji yanapoa. Hapo tunawasha kuni, ila sasa naziwasha mimi. Mama analala mpaka saa kumi na mbili. Mirija miwili ya akiba nimeifunga kwenye blanketi kuukuu, imelala juu ya kabati lake, na yeye ndiye anayewakemea watoto wasiisogelee.