Mahamri ya zamu ya usiku

Tangu Ramadhani nina hadithi moja inayokataa kwisha. Iko mwaka 2040, Ngomeni, kaskazini ya Malindi yetu, na ni hadithi ya ujasusi. Najua mtu akisikia ujasusi hungoja bastola na magari. Mimi nina sinia la mahamri.

Ngomeni naijua. Babangu alikuwa nahodha, na samaki wake wengine, wale changu, waliliwa na Waitaliano wa kituo cha anga. Ile mitambo yao ingali imesimama baharini kwa miguu yake ya chuma. Hapo ndipo tarehe 12 Desemba 1970 iliporushwa setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru, ikaitwa Uhuru. Roketi ya mwisho iliondoka 1988, lakini madishi ya nchi kavu yanaendelea kufuata setilaiti. Baba akikalafati chombo alikuwa akinionyesha kwa mkono unaonuka sifa, yale mafuta ya papa: "Wale wanasikiliza mbingu, mwanangu." Nikaamini kwamba hata tunayosemezana jikoni wanayasikia.

Katika hadithi yangu, binti wa Ngomeni ana kakake fundi wa madishi. Mama yao huwapikia watu wa zamu ya usiku. Siku za kawaida mahamri ni 12. Usiku ambao kuna setilaiti ya siri inayopita, watu huongezwa, mama huanza kukuna nazi mapema, na sinia hutoka na 30. Hakuna anayeliona hilo kuwa siri, ni mapishi tu.

Kuna kijana wa mashamba ya chumvi. Anampenda binti, naye binti anampenda. Hamwombi karatasi wala picha. Jioni hupiga simu, humuuliza kachoka vipi, kala nini. Halafu: "Leo mmepika mangapi?"

Ukurasa huo nimeuandika mara tisa, na mara zote nimemfanya binti anyamaze. Kakake anasalimika, kijana anaondoka zake, na hadithi inanifia mkononi.

Sababu naijua. Mwaka 2003 nilikuwa na mchumba. Tulikuwa tukikaa ufukweni jioni, msimu ule Mto Sabaki unaposhusha tope na bahari kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Siku moja alikuwa akinimenyea chungwa, ganda likishuka refu bila kukatika, nami macho yangu yako kwenye ganda. Akaniuliza karatasi za shamba la nyanyangu, mzaa mama, anaziweka nani. Nikamwambia, mjomba, yule wa Mambrui. Nilijibu kama mtu aliyeulizwa saa. Akanipa chungwa, nikala.

Baada ya miezi minne mjomba aliletewa watu, akatishwa, akatia sahihi asichokisoma. Minazi ya nyanya ikaangushwa yote. Mchumba sikumwona tena, na nilimlilia, Mungu anisamehe, kuliko nilivyoililia minazi. Nyanya alikufa akiamini kwamba mjomba ndiye aliyemuuza. Lakini wale watu walikuwa wamemtajia jina langu pale mlangoni. Mjomba hakulitoa. Alikaa matangani peke yake, watu wakimpita na sahani za pilau, na akanyamaza.

Jana usiku nimezifuta kurasa zote tisa. Sasa binti amesimama jikoni, mikono imelowa tui, simu kaibana kwa bega. Nje kakake anawasha pikipiki, sinia limefungwa nyuma kwa mpira. Kijana anamuuliza mmepika mangapi, naye anacheka, kwa furaha tu ya kuulizwa na mtu anayempenda.

"Thelathini," anasema.

Sura inayofuata ni ya kakake. Hiyo siwezi kuiandikia hapa nyumbani. Ijumaa nakwenda Mambrui, nimwombe mjomba radhi kwanza, kisha nikae barazani kwake niianze.