Heroe wa Singidani: jinsi nilivyozitia picha zangu hisia

Picha zangu za heroe katika Ziwa Singidani, pale Singida mjini, zilikuwa safi lakini hazikugusa moyo: ndege wa waridi, maji, basi. Nilianza kwa kulala kifudifudi ukingoni, lenzi ikawa usawa wa macho yao. Hapo uso ukaanza kusema. Kisha nikaielekeza kamera kwenye jua la asubuhi na kupunguza mwanga kwa stopu moja, yaani kwa nusu. Shingo zikabaki vivuli vyenye ukingo wa dhahabu, na upweke ukaonekana. Upepo wa Singida, usiokosekana, niliupa kasi ndogo ya shata (pazia la kamera linalopitisha mwanga), 1/30 ya sekunde: manyoya yakatawanyika kama moshi, kichwa kilichotulia kikabaki wazi. Heroe wakiinua shingo wote kwa pamoja, rudi nyuma. Hofu uliyowatia nayo huingia pichani.