Siku moja maishani mwangu: kuhariri video na matundu ya laptopu

Saa 2 asubuhi. Kadi za SD, yaani kadi za kumbukumbu za kamera, zimeshafika mezani: mahojiano ya kamera tatu, kila kadi gigabaiti 256. Kabla ya kuchomeka chochote naigeuza kadi niangalie mgongo wake. UHS-I na UHS-II ni viwango vya kasi ya kadi. Kadi ya UHS-II ina safu mbili za vibati vya rangi ya dhahabu, na ile safu ya pili ndiyo inayoipa kasi ya hadi megabaiti 312 kwa sekunde. UHS-I hukomea 104. Laptopu kadhaa zenye tundu la SD ni za UHS-I tu, kwa hiyo kadi uliyoinunua ghali inatembea mwendo wa kadi ya kawaida. Ndiyo maana natumia kisoma kadi cha pembeni. Kwa megabaiti 250 hivi kwa sekunde, kadi moja humalizika ndani ya dakika 17 au 18; kwa UHS-I hiyo hiyo ingekula robo tatu ya saa. Na kadi ziko tatu.

Saa 3. Nakala ya pili inakwenda kwenye SSD ya nje, diski ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka. Kijana ninayefanya naye kazi ananyoosha mkono kuchukua waya wa chaja ya simu.

“Dada, si Type-C huu?”

“Kichwa ni cha Type-C, mdogo wangu. Ndani ni USB 2.0.”

Nyaya nyingi za kuchajia simu ziko hivyo: megabiti 480 kwa sekunde, yaani megabaiti 60 (biti nane ni baiti moja) hata mambo yakienda vizuri kabisa. Hili ningependa kila anayeingia kwenye kazi hii alijue mapema. USB-C ni umbo la tundu. Nyuma ya umbo hilo panaweza kuwa na gigabiti 5, 10 au 20 kwa sekunde za USB, 40 za Thunderbolt 4 (aina ya muunganisho wa kasi zaidi), au 80 za Thunderbolt 5, na kwa macho matundu yote yanafanana. Alama ya radi pembeni ya tundu husaidia, lakini jibu la uhakika liko kwenye ukurasa wa vipimo wa mtengenezaji. Halafu waya nao uwe wa kasi hiyo. Nyaya zangu za kasi nimezifunga utepe mwekundu, na hazitoki mezani.

Saa 4 hadi saa 7 nakata. ProRes 422 HQ, aina ya faili la video la kuhariria, ya 4K kwa fremu 25 kwa sekunde inataka megabaiti 92 hivi kwa sekunde. Kamera tatu zikicheza pamoja zinakaribia 280. Diski ya kuzunguka haifiki huko. SSD kwenye tundu la gigabiti 10 inafika bila jasho.

Saa 8 naunganisha monita ya 4K, na hapa ndipo habu (vifaa vya kuongeza matundu) za bei rahisi zinapowaumbua watu. Tundu la USB-C lina njia nne za kasi. Habu inayotumia DisplayPort 1.2, toleo la zamani la mfumo wa kupeleka picha kwenye monita, ikitaka kutoa 4K kwa 60 Hz huzichukua zote nne kwa ajili ya picha, kisha SSD iliyochomekwa kwenye habu hiyo hiyo inabaki na USB 2.0. Mtu anailaumu programu wakati programu haina kosa. Ukipata inayotumia DisplayPort 1.4, pamoja na laptopu inayoikubali, njia mbili zinatosha picha na mbili zinabaki kwa data. Mimi SSD ya kazi naichomeka moja kwa moja kwenye laptopu; habu naiachia kibodi, mausi na monita.

Saa 10 kijana ananiuliza anunue laptopu gani. Namwambia aanze na visivyoongezeka baadaye. RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, siku hizi mara nyingi imelehemiwa kwenye bodi, basi achukue ya kutosha siku ya kwanza. Nafasi ya pili ya M.2, yaani ya kuchomeka SSD ndani ya laptopu, ni neema kubwa, maana unaongeza SSD ya ndani bila kumaliza matundu. Na asidharau matundu ya SD na HDMI (la monita au TV): Apple waliziondoa kwenye MacBook Pro mwaka 2016, wakazirudisha 2021.

Saa 11 naanza kutoa video ya mwisho. Sasa chaja ya laptopu yenyewe ndiyo inayofanya kazi. Umeme ukipitia habu iliyoandikwa wati 100, habu hujikatia fungu lake kwanza, na laptopu yenye njaa ya umeme inaweza kushuka betri huku imechomekwa.

Saa 12 na nusu faili limekamilika, gigabaiti 38. Diski ya mteja ni ya USB-A, adapta ninayo. Naangalia mfumo wake wa faili: FAT32, ambayo haipokei faili la zaidi ya gigabaiti 4. Nampigia, anathibitisha kwamba haina kitu cha maana, naifomati kuwa exFAT isomeke kwenye Windows na Mac, kisha naanza kunakili.