Barabara ya kwenda Bugolora

Leo nimetoka Nansio kwenda Bugolora kwa boda, huku huku kisiwani Ukerewe, Ziwa Victoria. Mvua ilinyesha usiku kucha so asubuhi njia ilikuwa tope tupu, dereva anatafuta pa kupitisha tairi huku ananiambia dada shika vizuri. Kuna sehemu kalavati limezidiwa maji yakakata barabara, vijana wa pale wamelaza mbao mbili, unashuka unavuka kwa mguu, pikipiki inasukumwa, na unawaachia chochote, kwakweli wanastahili maana bila wao hapiti mtu.

Hapo kwenye mbao nikamkuta mama mmoja anakuja Nansio na magunia ya dagaa, anasubiri wa kumvusha. Shikamoo mama, marahaba mwanangu. Turubai limetoboka, dagaa wa pembeni washalowa, akachota kiganjani akanionyesha, wakavu ukiwabana wanavunjika, waliolowa wanapinda tu na harufu ishaanza kubadilika. Anasema mnunuzi akiwaona hivi anawahesabu ni wa chakula cha kuku, na bei ni ya kuku kweli. Siku nzima ya kuanika, kugeuza, kukimbizana na mvua, inaishia kwenye kalavati moja.

Utalii tunauhitaji na vivutio tunavyo jamani, kilima cha Handebezyo kipo, jumba la Chifu Lukumbuzya pale Bukindo, msitu wa Rubya na fukwe zake, ukivuka kwenda kisiwa cha Ukara kuna lile jiwe linalocheza. Mtu atapanda kivuko Kisorya kule bara ashukie Rugezi huku kisiwani ana hamu zote. Ila mi naona barabara ianze na huyu mama, mgeni akikuta tope ataahirisha, dagaa hawaahirishwi. Na greda peke yake haitoshi, inaparua udongo mvua inaondoka nao, kinachotakiwa ni mitaro, makalavati mapana na changarawe iliyoshindiliwa.

Bugolora nimefika mchana. Kila nikifika hapa nawakumbuka wale wa MV Nyerere, 20 Septemba 2018, ilikuwa siku ya gulio, watu wanarudi kwao Ukara na mizigo yao, kivuko kikapinduka wakiwa wamebakiza kidogo tu kufika, wakafa zaidi ya 220. Kwa watu wa Ukara ziwa ndo kipande cha kwanza cha barabara, tope linafuata baadae.

Kesho navuka. Nikirudi napitia ofisi ya kata kuuliza lile kalavati limewekwa kwenye bajeti ya lini, na nikipata jibu nitaliandika hapa.